Cameron: kutoka plaji ya Weymouth mpaka inchi ya mukuba

Ndugu zetu wa Katanga, wa Kivu na wa Maniema wenye wanaishi Uingereza wanajua hii desturi: mwezi wa saba na wa nane, jua likitoka, watu wa kule wanapanda treni wanaenda kuona bahari. Kuko miji mingi midogo ya plaji. Mumoja wao ni Weymouth, katika jimbo la Dorset, kusini ya inchi. Ukipandia London kwenye gare ya Waterloo, safari inachukua karibu masaa matatu, na huwezi kupitisha kituo bila kujua, juu reli inaishia pale pale.

Unatoka gare, unatembea dakika chache, na plaji iko mbele yako. Muchanga laini, umepinda kama mwezi mwandamo, na nyumba ndefu za zamani zimepangwa nyuma yake zikitazama maji. Watoto wanapanda punda. Kuko kibanda cha masanamu chenye watoto wanakaa chini mbele yake wanacheka. Watu wanakula samaki ya kukaanga na friti, wanafukuza ndege wa bahari wenye wanataka kuwanyanganya. Maji ni baridi hata kama jua linawaka. Mutu mwenye amezoea kuoga Kalemie atatoka mbio. Muji wenyewe una watu kama 50,000 hivi. Hapa Lubumbashi, Katuba peke yake inaupita mbali.

Sifa ya Weymouth ilianza na mufalme. Mwaka wa 1789 George wa Tatu alikuwa ametoka kwenye ugonjwa, na waganga wake wakamushauri maji ya chumvi. Akaja pale, akaingizwa baharini ndani ya kajumba ka mbao kenye magurudumu, na wapiga muziki wakapiga wimbo wa kumutukuza wakati anaingia majini. Akarudia miaka mingi. Tangu pale watajiri wakafuata, na sanamu ya mufalme ingali imesimama mbele ya plaji, imepakwa rangi.

Lakini sisi leo hatuko na shida ya mufalme. Ukigeuka, ukaacha bahari nyuma, utaona karibu na gare ziwa moja lenye matete mengi na ndege. Linaitwa Radipole. Mwisho wake wa juu kulikuwa kijiji chenye jina lile lile, na siku hizi kijiji kimemezwa na muji, kimekuwa kartie yake. Pale ndipo alizaliwa, tarehe 1 mwezi wa saba mwaka wa 1844, mutoto wa pasteri mumoja wa kanisa la Anglikana. Walimuita Verney Lovett Cameron.

Hilo jina halisemi kitu kwa wengi wetu. Stanley tunamujua. Livingstone tunamujua. Msiri wa Bunkeya, usiseme! Lakini huyu Cameron alipita kwetu kwa miguu mbele ya Stanley: Ujiji, Lukuga, Maniema, Nyangwe, mpaka kwa mulopwe wa Baluba. Na maneno yenye aliandika aliporudi yalifanya kazi nzito kuliko bunduki zake. Basi tusimulie maisha yake, kwa faida ya wale wa Tanganyika, wa Maniema, wa Haut-Lomami na wa hapa Haut-Katanga, kwa sababu kila moja ya majimbo haya iko ndani.

Akiwa na miaka 13, mwaka wa 1857, aliingia jeshi la majini. Mwaka ule ule treni ilifika Weymouth mara ya kwanza, lakini yeye njia yake ilikuwa ya merikebu. Alitumika bahari ya Mediterania, akaenda kwenye vita vya Uhabeshi mwaka wa 1868, kisha akawekwa kwenye merikebu zenye zilikuwa zinawinda majahazi ya watumwa kwenye pwani ya Afrika ya Mashariki. Kule ndiko aliona kwa macho yake watu wamepakiwa kama magunia. Kule tena ndiko alianza kujifunza Kiswahili. Tushike hayo mambo mawili, chuki ya biashara ya watumwa na Kiswahili, kwa maana yote mawili yatarudi, na moja litarudi vibaya.

Mwaka wa 1872 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilitafuta mutu wa kumupelekea Livingstone musaada. Muzee alikuwa angali ndani ya bara. Wakamuchagua Cameron, luteni wa miaka 28. Aliondoka Uingereza mwisho wa mwaka ule pamoja na rafiki yake Dillon, munganga wa jeshi la majini. Kwenye pwani akajiunga nao Murphy, ofisa wa mizinga. Na wa ine alikuwa kijana Robert Moffat, mutoto wa ndugu ya muke wa Livingstone, mwenye aliuza shamba lake la miwa kule Natal ili aende kumutafuta muzee.

Kapita wa musafara alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Huyu ni mutu wa kuandikiwa makala yake peke yake. Muyao, alikamatwa akiwa mutoto, akauzwa, akapelekwa India, akarudi Zanzibar akiwa huru. Alikuwa ametembea na Burton, na Speke, na Stanley. Kama kuna mutu mwenye alijua njia za bara kuliko wazungu wote wenye vitabu vyao viko kwenye maktaba, ni yeye.

Waliacha Bagamoyo mwezi wa tatu 1873. Kijana Moffat hakufika mbali: homa ilimuua mwezi wa tano. Wengine watatu wakafika Tabora mwezi wa nane, na pale homa ikawakamata wote. Cameron alikaa siku nyingi bila kuona, macho yamevimba.

Ndipo tarehe 20 mwezi wa kumi barua ikafika. Iliandikwa na Jacob Wainwright na ikaletwa na Chuma, mumoja wa watu wa Livingstone. Muzee alikuwa amekufa. Siku chache baadaye wakafika wenyewe, Susi na wenzake, na maiti wamelikausha, wamelifunga ndani ya gome la muti na kitambaa, wamelibeba tangu kule kusini ya Bangweulu. Cameron aliona heri wamuzike pale pale, njia ya kwenda pwani ilikuwa ya hatari. Wakakataa. Walikuwa wamesema watamufikisha bahari, na walimufikisha. Mimi, kila mara nikisoma hiyo sehemu, naona kwamba siku ile mwenye kutoa amri Tabora hakuwa luteni.

Sasa kazi ilikuwa imekwisha. Mwenye walikuja kumusaidia alikuwa kwenye machela, anaelekea pwani. Murphy akarudi pamoja na musafara wa maiti. Dillon naye, mugonjwa sana, akarudi, na njiani, akili imeharibika kwa homa, akajipiga risasi. Cameron angeweza kurudi bila mutu yeyote kumucheka. Akaamua kuendelea peke yake, maana yake muzungu peke yake: nyuma yake walikuwa Bombay na wapagazi na askari, na hao ndio walibeba ushanga, vitambaa, bunduki, na vyombo vyake vya kupima jua na nyota.

Lukuga, Nyangwe, Kilemba

Mwezi wa pili 1874 akaona ziwa Tanganyika, akashukia Ujiji. Akakuta pale karatasi za Livingstone, akazituma pwani. Kisha akafanya kitu ambacho mutu wa bahari peke yake angekifikiria: akakodi mashua mbili, akazipa majina ya Kiingereza, Betsy na Pickle, akafunga tanga, akaanza kuzunguka upande wa kusini wa ziwa akipima kila mahali.

Swali lilikuwa hili. Mito mingi inaingia Tanganyika. Maji yanatokea wapi? Wakubwa wa jiografia kule London walikuwa wanagombana juu ya hilo. Wavuvi wa upande wa magaribi walijua jibu tangu zamani. Tarehe 3 mwezi wa tano 1874 Cameron akafika kwenye mwanya wenye kuzibwa nusu na majani ya maji, akaingia na mashua mpaka majani yakamuzuia, na akaona kwamba maji hayaji, yanaenda. Ulikuwa muto Lukuga. Wasikilizaji wa Kalemie wanaupita kila siku, kwenye daraja, na sabuni na mikungu ya ndizi, bila kufikiri kwamba juu yake watu walipigana kwa kalamu miaka mingi huko Ulaya.

Akavuka ziwa, akashika njia ya Maniema. Hapo kitabu chake kinabadilika sauti. Alishangaa: vijiji vimepangwa kwa mistari, nyumba safi, mashamba makubwa, na tanuru za kuyeyusha chuma, na mafundi wa kufua wenye kujua kazi yao. Mutu mwenye alifundishwa kwamba bara hili ni giza tupu alikuta viwanda. Lakini karibu na hivyo vijiji aliona pia vingine vimeteketea, na watu wamekimbilia porini. Bunduki za wafanyabiashara kutoka pwani zilikuwa zimekwisha kufika.

Mwezi wa nane 1874 alifika Nyangwe, juu ya Lualaba. Soko kubwa, wamama wanashuka na mitumbwi kutoka kila upande, samaki, mafuta ya mawese, nyungu, kuku. Ni soko lile lile ambalo miaka mitatu mbele yake, mwezi wa saba 1871, Livingstone aliona watu wa wafanyabiashara wakipiga risasi ndani ya wamama, na mamia wakafa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama. Soko lilikuwa limerudi. Wamama wa soko ni wale wale kila wakati: kesho yake lazima watoto wale.

Pale Nyangwe Cameron alipima urefu wa Lualaba juu ya bahari. Livingstone alikufa akiamini kwamba huu ni mwanzo wa Nile. Hesabu ya Cameron ikaonyesha kwamba Lualaba ya Nyangwe iko chini kuliko Nile yenyewe kule Gondokoro. Maji hayapandi. Basi ulikuwa muto Kongo, hakuna mwingine. Alitaka mitumbwi ashuke nao mpaka mwisho, lakini hakuna mwenye alikubali kumuuzia. Stanley alipata hiyo njia miaka miwili baadaye, na sifa ikawa yake.

Aliyemutoa Nyangwe alikuwa Hamed bin Muhammed, mwenye tunamuita Tippu Tip. Alimuchukua mpaka kambi yake, akamupa watu wa kumuonyesha njia. Tippu Tip mwenyewe, alipokuja kusimulia maisha yake kwa Kiswahili, hakumusahau huyu Muingereza.

Cameron alitaka kushika njia ya magaribi, lakini wakubwa wa inchi ile walikataa: watu wenye bunduki hawapite kwetu. Nani atawalaumu? Ikabidi ageukie kusini, mpaka Kilemba, kwa Kasongo Kalombo, mulopwe wa Baluba. Alifika mwezi wa kumi 1874 na mulopwe hakuwako, alikuwa akizunguka inchi yake kukusanya kodi na kupiga wenye walikataa. Alirudi mwezi wa kwanza. Na hata baada ya hapo, ruhusa ya kuondoka ilichelewa na kuchelewa, kwa sababu mulopwe alitaka kwanza ajengewe nyumba. Kwa jumla Cameron alikaa kwa Baluba miezi karibu minane.

Ndani ya kitabu anamuchora Kasongo Kalombo kama mutu mwenye ukali wa kutisha, mwenye kukata watu masikio na mikono. Historia ya Baluba inajua kwamba ule ulikuwa wakati mubaya, ndugu wanapigania kiti na bunduki zinaingia kutoka pande mbili, ya Zanzibar na ya Angola. Lakini tusome kwa akili: mwenye anaandika alikuwa amezuiliwa, amechoka, na anawaandikia watu wenye walikuwa wanapenda kusikia mambo ya namna hiyo.

Kwa upande mwingine anaacha picha nzuri. Ziwa moja dogo, Mohrya, lenye watu waliishi juu ya maji, nyumba zimesimama juu ya nguzo. Na mufanyabiashara mumoja wa pwani, Juma Merikani, mwenye alimukaribisha nyumbani kwake miezi yote na kumupa chakula na habari.

Habari, ndiyo. Hapo ndipo Katanga inaingia. Cameron hakufika hapa kwetu. Hakuona Bunkeya, hakuona Lubumbashi, muto wala muji. Lakini kwa Juma Merikani na kwa wengine alisikia yote: kuna inchi upande wa kusini inatawaliwa na Msiri, mukuba unatoka kule, hata dhahabu inaokotwa. Aliona mukuba wenyewe mikononi mwa watu, umefuliwa kwa umbo la musalaba, unatembea kutoka soko mpaka soko kama feza. Ni misalaba ile ile yenye iliwekwa mwaka wa 1960 kwenye bendera ya Katanga, na yenye watoto wa Katuba wanaiona leo imechorwa hapa na pale bila kuuliza.

Karatasi moja, na kamba moja

Mwisho wa mwezi wa kumi na mbili 1874, pale Kilemba, akingali anangojea mulopwe arudi, Cameron alikaa chini akaandika tangazo. Bonde lote la Kongo, alisema, linawekwa chini ya ulinzi wa malkia Victoria. Tufikiri kidogo. Mutu mumoja, mbali na bahari zote mbili, viatu vimeisha, hawezi hata kuondoka bila ruhusa ya mwenye inchi, anaandika kwamba inchi yote ni ya malkia wake. Mutu anaweza kucheka. Serikali ya London ilipopata hiyo karatasi haikuitaka: gharama nyingi, faida haionekani. Karatasi ikawekwa kando. Lakini fikra yenyewe, kwamba inchi hii inaweza kuchukuliwa kwa maandishi, haikuwekwa kando na watu wote.

Kamba ndiyo jambo la pili. Mutu wa kumutoa Kilemba mpaka bahari ya magaribi alikuwa mufanyabiashara mumoja kutoka Dondo, Angola, mutu mweusi mwenye jina la Kireno, José Antonio Alvez. Biashara yake ilikuwa watumwa. Cameron, yule yule mwenye alikuwa akiwinda majahazi ya watumwa, hakuwa na njia nyingine. Alitembea na musafara wa Alvez. Bendera ya Uingereza, yenye aliibeba tangu Bagamoyo, ilitembea njia moja na watu wamefungwa shingo.

Siku moja mwenzake Alvez, Coimbra, alifika na wanawake 52 wamefungwa kamba kwa makundi, wengine wamebeba watoto, wamejaa alama za fimbo. Cameron alipiga hesabu: kupata hao 52, vijiji si chini ya kumi viliharibiwa, kila kimoja na watu mia moja au mia mbili, wengine wakauawa, wengine wakafa njaa porini. Aliandika hiyo hesabu kwa hasira, na ni moja ya kurasa zenye nguvu kuliko zote za kitabu. Lakini asubuhi yake akaendelea kutembea pamoja nao. Alilalamika, aligombana na Alvez, hakuweza kukata kamba. Sisemi angefanya nini. Alikuwa na watu wake wa kulisha, na mali imekwisha. Nasema tu kwamba wale wanawake hawana majina ndani ya kitabu, na wengi wao walikuwa bibi zetu.

Waliondoka mwezi wa sita 1875. Walipofika Bihe, mwezi wa kumi, chakula na vitambaa vilikuwa karibu kwisha. Watu wakaanza kuanguka. Cameron aliacha karibu vitu vyote vyake, akachukua watu wachache wenye nguvu, akakaza mwendo kuelekea pwani. Alikuwa na ugonjwa wa kukosa matunda na mboga, kiseyeye, ule wa mabaharia wa zamani: damu inatoka kinywani, ulimi umevimba. Mutoto wa Weymouth karibu auawe na ugonjwa wa merikebu akiwa katikati ya inchi kavu.

Tarehe 7 mwezi wa kumi na moja 1875 akafika Katombela, kwenye plaji ya Atlantika. Mufaransa mumoja mufanyabiashara alimutokea njiani na chakula na divai. Kule Benguela munganga akamuponyesha. Watu wake wenye walibaki nyuma wakaletewa chakula, wakafika nao.

Vitabu vya Ulaya vinasema alikuwa wa kwanza kukata Afrika ya katikati kutoka mashariki mpaka magaribi. Wa kwanza wa Ulaya, ndiyo. Mwaka wa 1852 wafanyabiashara kutoka Zanzibar walikuwa wamekwisha kutokea Benguela kwa miguu. Na mwanzo wa karne ile, wafanyabiashara wawili wa Angola, Pedro João Baptista na Amaro José, walivuka mpaka Tete wakipitia kwa Kazembe. Na siku ile ya Katombela, Bombay na wenzake nao walikuwa wametoka bahari mpaka bahari, kwa miguu ile ile, na mizigo kichwani.

Kitu kimoja cha kumusifu Cameron bila kuongeza maji: hakuwaacha watu wake. Kule Luanda alinunua jahazi, akaliita Frances Cameron, jina la mama yake, likawarudisha Zanzibar kwa kuzunguka kusini ya Afrika. Wengine wenye majina makubwa kuliko yeye hawakufanya hivyo.

Alirudi Uingereza mwezi wa ine 1876, na sherehe ikawa kubwa: nishani ya dhahabu ya Chama cha Jiografia, cheo kipya kwenye jeshi, mwaliko kila mahali. Mwaka wa 1877 kitabu chake kikatoka kwa mijalada miwili. Na ndani yake, karibu na ile hesabu ya wanawake 52, kuna hesabu nyingine: mukuba, chuma, makaa ya mawe, mafuta ya mawese, ndovu. Dawa ya utumwa, kwa mawazo yake, ni biashara: leteni reli, leteni merikebu za moshi kwenye mito, na watu hawatauzwa tena, kwa kuwa watahitajika kwa kazi. Naamini aliamini hivyo kwa moyo.

Kuna mutu mumoja mwenye alimusoma vizuri kuliko wote. Leopold wa Pili, mufalme wa Ubelgiji, aliposikia kwamba Cameron amekosa feza alitoa haraka ahadi ya franka 100,000, na mwishowe hazikuhitajika. Mwezi wa tisa 1876 akaita mukutano wa wanajiografia Bruxelles, na Cameron alikuwa mumoja wa wageni. Walizungumza juu ya sayansi na juu ya kumaliza utumwa. Miaka tisa baadaye Kongo ikawa mali ya Leopold, na sote tunajua ile kazi yenye watu walihitajika kuifanya ilikuwa ya namna gani.

Cameron mwenyewe hakutulia. Alitafuta njia ya reli ya kwenda India, akaenda na Burton kutafuta dhahabu kule Afrika ya magaribi mwaka wa 1882, akaandika riwaya za vijana. Na Katanga haikumutoka kichwani. Alikuwa kati ya Waingereza wenye walisukuma kuanzishwa kwa kampuni ya kuchimba kwetu, ile yenye ilizaliwa mwezi wa ine 1891 kwa jina la Compagnie du Katanga. Musafara wa Stairs ulitumwa mwaka ule ule. Tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 1891 kapiteni Bodson akamupiga Msiri risasi karibu na Bunkeya, naye Bodson akapigwa pale pale, wakafa wote wawili. Bendera ya Leopold ikapandishwa. Ilibaki miaka kumi na tano tu Union Minière izaliwe, na mukuba wa misalaba ukaanza kuyeyushwa hapa Lubumbashi mwaka wa 1911.

Hayo ya mwisho Cameron hakuyaona. Mwezi wa tatu 1894, akirudi kutoka kuwinda, farasi wake alimuangusha karibu na Leighton Buzzard. Alikuwa na miaka 49. Hakuzikwa Weymouth. Alizikwa Shoreham ya Kent, kijiji cha ndani, mbali na bahari, mahali baba yake alikuwa pasteri kwa miaka mingi. Ndani ya kanisa la pale kuna picha kubwa ya rangi, kazi ya Charles West Cope: inaonyesha kijiji kinamupokea luteni mwaka wa 1876.

Kwa hiyo ndugu mwenye ataenda Weymouth kipindi cha joto, baada ya kula friti yake, anaweza kupita kwenye matete ya Radipole. Ni mahali patulivu, ndege wengi, watu wachache.

Bombay yeye alipewa pensheni ndogo na kile Chama cha London, akakaa pwani yake. Alikufa mwaka wa 1885, mwaka ule ule ambao Leopold alitangaza kwamba Kongo ni inchi yake.